Mwaka Niliomsomea Baba Jasim Vifaru

Matanga ya watu wa hapa Doha hayana vilio vya juu. Wanaume hukaa kwenye majlisi yao ya nje, wanawake ndani, kahawa inazunguka, mtu anaingia, anamwombea marehemu maneno mawili matatu, anakunywa vikombe viwili, anaaga. Mie sikuaga. Nilikuwa nimetoka Najma kwa teksi mpaka Al Wukair, nimevaa baibui langu jipya, nina wasiwasi, maana nyumba ile nilikuwa naiingia kwa mara ya kwanza, na wenyewe mara ya mwisho tulipoonana walinitoa kwa mlango wa nyuma. Asubuhi ile Maryam, binti wa marehemu, alinitumia ujumbe wa sauti. Namba alipewa na dereva wao wa zamani, ambaye mpaka leo tunasalimiana. "Baba ametutoka," alisema. "Ukiweza, njoo." Miaka ishirini na miwili sikuwa nimeisikia sauti ile, na niliitambua kabla hajamaliza neno la kwanza. Basi nimekaa, nimeshika kikombe, mama mmoja mtu mzima pembeni yangu akaniuliza, kwa ile sauti ya kutaka kujua bila kuonekana unataka kujua, mie nilikuwa nani kwa marehemu. Nikafikiri. Mpishi? Mfanyakazi? Nikamwambia, "Nilikuwa namsomea vitabu." Akauliza vitabu gani, vya dini? "La," nikasema, "vya vifaru vya vita." Yule mama akaacha kuuliza.

Siwezi kumlaumu. Hata kwetu Tanga nikilisema hilo watu hudhani natania. Mambo ya ukoo wangu nayaweka kando, hayamo katika habari hii. Yatosha kusema kwamba nilifika hapa nina miaka ishirini na minne, cheti cha kidato cha nne kwenye begi, na Kiingereza cha shule ambacho nilidhani sitakitumia tena maishani. Nyumba ya Baba Jasim, huyo marehemu, ilikuwa Al Sadd, nyuma ya barabara ya maduka, nyumba ya zamani isiyo na ghorofa, imebanwa na majengo marefu pande tatu. Nilipika, nilifua, nilipiga pasi kanzu mpaka nikaota nazipiga pasi. Mfanyakazi wa nyumbani hapa humwita mwenye nyumba baba, na binti yake humwita mama, hata kama mmelingana umri. Maryam tulilingana kabisa, nami nilimwita Mama Maryam. Jina langu ni Mwanaidi. Pale niliitwa Aida tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyeniuliza kama napenda.

Baba Jasim alikuwa mgane wa miaka sitini na kitu, mkali, mwenye majivuno, mvivu wa kusifia chakula. Jeshini alikuwa fundi mkuu wa vifaru. Hakuwahi kufyatua hata risasi moja vitani, na hilo alikuambia mwenyewe kabla hujamuuliza. Kisha akaongeza kwamba wafyatuaji wako wengi, lakini mtu wa kukifanya kifaru kiwake asubuhi baada ya kulala kwenye tufani ya mchanga, huyo utamtafuta. Chumba chake cha vitabu kilikuwa nyuma, jirani na stoo ya mchele. Kiyoyozi chake kilikuwa kizee, kinatiririsha maji kwenye ndoo niliyoimwaga mimi. Rafu zilifika darini, na zote zilijaa vifaru: vya vita vya kwanza vya dunia, vya vita vya pili, vya jangwani, vya thelujini, injini zao, minyororo yao, mizinga yao, picha za watu wenye masizi usoni wamekalia chuma wanavuta sigara. Vingi vilikuwa vya Kiingereza. Mlangoni aliweka pingili moja ya mnyororo wa kifaru, chuma kizito hicho, kuuzuia mlango usijifunge, kwa sababu haikufaa mimi na yeye tukae chumbani mlango umefungwa. Siku moja nafuta vumbi akaniuliza kutoka kitini nimeshika kitabu gani. Nikamsomea jina lake. Akasema, "Soma ukurasa wa kwanza." Nikasoma nimesimama, kitambaa cha vumbi begani, naye ananisahihisha matamshi kama mwalimu mwenye haraka. Nilipofika mwisho akasema, "Kaa." Nilikuwa na miezi mitatu katika nyumba ile na nilikuwa sijakalia kiti chochote zaidi ya kigoda cha jikoni.

Tangu hapo kila siku baada ya alasiri, kazi zikiisha, nilikwenda na dele la kahawa na sahani ya tende, nikakaa, nikasoma mpaka adhana ya magharibi. Nilijifunza kuwa vile vifaru vya kwanza kabisa vya Waingereza vilibeba watu wanane na injini katikati yao bila ukuta, moshi wanauvuta wao, joto linawazimisha, wakitoka wanatapika. Nilijifunza kuwa walichukua njiwa wa kupeleka ujumbe. Nilijifunza kwamba kifaru kinageuzwa kwa kuuzuia mnyororo wa upande mmoja, wa pili ukaendelea, na chuma kizima kikazunguka. Hilo nilikwenda kulijaribu kwa toroli la supamaketi. Nikazuia upande mmoja, nikasukuma mwingine, likageuka, nikacheka peke yangu katikati ya mafuta ya kupikia na sabuni. Lakini nililolipenda kuliko yote ni la kugonga. Ndani ya vile vifaru vya mwanzo kelele ilikuwa ya kutosikia mtu hata akikupigia ukelele sikioni, na watu wa gia walikaa nyuma, mbali na dereva. Basi dereva akachukua spana, akagonga kifuniko cha injini, wao wakamtazama, naye akawaonyesha kwa vidole anataka nini. Ukurasa huo Baba Jasim alinifanya niurudie mara tatu, anatikisa kichwa kwa furaha ya mtu anayesikiliza habari za kwao.

Hakuwa msikilizaji mpole. Pembeni mwa kurasa alikuwa amejaza mwandiko wake wa miaka na miaka, akiwabishia waandishi. "Huyu hajapata kula mchanga," aliandika mahali. Kwingine: "Uongo, chujio hilo haliishi siku mbili." Waandishi wote, kwa maoni yake, walikuwa watu wa nchi za baridi waliodhani kifaru huuawa na mzinga. Kifaru, alisema, huuawa na vumbi. Na yeye alikuwa anaandika kitabu chake kuhusu jambo hilo moja: jinsi kifaru kinavyopumua jangwani na jinsi ya kukizuia kisikabwe. Alikuwa anasema, mimi naandika kwenye madaftari, na alipokosa neno alinyoosha mkono kuelekea rafu akaniambia kitabu cha ngapi kutoka kushoto. Hakukosea hata mara moja. Nami nilidhani ni kumbukumbu nzuri tu. Sasa nikikumbuka naona kwamba katika miezi ile yote sikumwona akifungua kitabu chochote mwenyewe.

Kikombe ndicho kilichoniambia. Nilikiweka mkono wake wa kulia, kando kidogo, nikaendelea kusoma. Akanyoosha mkono, akapapasa meza, akarudi, akapapasa tena, kikombe kiko pale pale kinafuka moshi. Wiki ile ile alijigonga kwenye fremu ya mlango alioupita miaka thelathini. Nilifunga kitabu, nikamuuliza. Hakukasirika. Aliniambia kwamba mbele anaona vizuri, ananiona mpaka uchafu kwenye mtandio wangu, ila pembeni kumejengwa ukuta, na ukuta unasogea, mstari mzima wa kitabu hauingii tena. "Kama dereva wa kifaru," alisema. "Upenyo huu mdogo tu. Watu wameshinda vita kwa upenyo huu." Nikamwambia twende kwa daktari. Akasema tukienda kwa daktari Jasim atajua. Jasim, mwanawe mkubwa, alikuwa anajenga Al Wukair, na mpango ulikuwa baba ahamie huko na nyumba ya Al Sadd ibomolewe. "Wakijua sioni, nitahamishwa kesho," alisema. "Nitawekwa kwenye chumba chenye televisheni, na hivi vitabu vitapewa muuza chakavu. Zimebaki sura nne, Aida. Nipe muda wa sura nne."

Nikampa. Kuna jambo hapa nataka lieleweke, si kwa kujitetea. Kwetu kila mtu anajua habari za mtoto wa jicho. Bibi yangu alikuwa naye. Mtoto wa jicho, kwa tulivyojua sisi, haondolewi akiwa mchanga; husubiriwa akomae, jicho liwe jeupe, ndipo hutolewa, na mtu akaona tena kama kijana. Bibi alisubiri miaka miwili, akatolewa, siku ya pili akatuonyesha nywele zake za mvi zilizoanguka kwenye mkeka. Kwa hiyo mzee akisema haoni, mie nilijua ni nini, na nilijua kusubiri hakudhuru, kunasaidia hata. Hakuna aliyenifundisha kwamba kuna ugonjwa mwingine. Na bado huo si ukweli wote. Ningeweza kumuuliza mtu. Sikuuliza kwa sababu nilikipenda kile kiti. Baada ya kutwa nzima ya kuitwa jikoni, kulikuwa na muda kabla ya magharibi ambapo mtu aliniambia "unaonaje?" kuhusu chujio la hewa, akasubiri jibu langu. Nilijua mzee akihamia kwa mwanawe, kule kuna wafanyakazi wengine, na mie ni kwaheri. Nilidanganya kwa ajili yake na kwa ajili yangu, na sehemu yangu haikuwa ndogo.

Shida ilikuwa Ijumaa. Ijumaa watoto wake wote watatu walikuja kula, Maryam na kaka zake wawili, na sinia la wali na nyama liliwekwa chini katikati. Mie siwezi kumshika mzee mkono, si maharimu wangu, na hata kama ingefaa, si ingeonekana? Dawa aliitoa yeye mwenyewe kwenye ukurasa ule wa spana. Hapa mgawa kahawa husimama na dele mkono wa kushoto na vikombe mkono wa kulia, na kugonganisha kikombe na dele ni madaha ya kawaida ya kazi, hakuna anayeyatazama. Tukakubaliana: nikigonga mara moja, kitu kiko kushotoni kwake, mara mbili, kuliani, mara tatu, mtu anakuja kumsalimu mbele yake, anyooshe mkono. Tulifanya mazoezi kwenye chumba cha vitabu siku nne, yeye anacheka mpaka machozi, mie namwambia Baba tulia, umenyoosha mkono kwenye feni. Na ikawezekana. Ijumaa moja Jasim alitoa ramani ya nyumba mpya, akampa baba yake kwa upande wa kulia. Nikagonga mara mbili. Mzee akageuka taratibu, akaipokea, akaishika mbele ya uso. "Tumeweka kila kitu, Baba," Jasim akasema, "tazama mwenyewe." Baba Jasim akatazama kitambo cha heshima, akasema chumba chake ni kidogo, akairudisha. Wote wakacheka. Mie nilikuwa nasikia moyo wangu unagonga kuliko lile dele.

Maryam hakucheka sana. Alikuwa mwalimu, mwenye macho ya mwalimu. Nikiwa naosha vyombo aliingia jikoni, akasimama karibu na jiko, akaanza kupanga vijiko ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Kutoka majlisi tuliwasikia kaka zake wakizungumzia mkandarasi na bei ya vigae. Akaniuliza, bila kunitazama, "Aida, Baba anaona vizuri?"

"Anaona, Mama Maryam."

"Pembeni pia?"

"Anaona."

Akaweka kijiko chini. "Sema wallahi."

Mwislamu mwenzangu anajua neno hilo uzito wake. Nyumbani kwetu mtoto akilisema ovyo alipigwa kibao. Nilikuwa na povu la sabuni mpaka viwikoni, na nikasema, "Wallahi anaona." Maryam akashusha pumzi, akasema haya, akachukua sahani ya halua, akatoka.

Ijumaa ya pili nilipata ruhusa ya jioni, nikaenda Najma kwa Akinyi. Akinyi ni Mkenya, mfanyakazi wa usafi hotelini enzi hizo, anakaa na wenzake watano kwenye chumba chenye vitanda vya ngazi na mapazia ya khanga. Alikuwa anasonga ugali kwenye jiko la umeme lililo juu ya stuli, sukuma wiki imeshaiva kwenye sufuria iliyofunikwa kwa sahani, na mwenzake mmoja anajaribu kulala kichwa kikiwa chini ya mto. Nilimweleza yote, na nilimweleza kwa majivuno, hasa lile la dele. Akinyi hakucheka. Aliendelea kusonga mpaka ugali ukawa sawa, akaupindua kwenye sahani, ndipo akanitazama.

"Sasa wewe umekuwa daktari ya macho?"

"Ni mtoto wa jicho, Akinyi. Anasubiri akomae."

"Nani amekuambia ni hiyo?"

"Bibi yangu..."

"Nyanya yako ako Tanga. Huyu mzee ako hapa, na hii town imejaa hospitali." Akaketi kando yangu kitandani. "Nyinyi watu wa pwani mna ile methali yenu tamu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Si ndio? Ambia huyo binti yake. Ambia yeye leo. Wakikufukuza, utalala hapa na mimi, tutabanana."

Nilimwambia zimebaki sura mbili, mojawapo ya vumbi linavyokula breki. Akinyi akamega ugali, akasema, "Kula basi," na hatukulizungumza tena. Mara nyingi nimefikiri kwamba rafiki wa kweli nilikuwa naye palepale, ananipa nusu ya kitanda chake, na mie nilikuwa nafikiria breki za kifaru.

Sura ya breki haikuandikwa. Asubuhi moja nilimpelekea chai, pazia liko wazi, jua limeingia mpaka kwenye shuka, na Baba Jasim amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti. Akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, mbona sijawasha taa. Nilisimama na ile chai. Nikamwambia, Baba, kumekucha. Akageuza uso kuelekea dirishani. Kisha akasema, "Muite dereva." Mie ndiye niliyempigia simu Maryam.

Hospitalini nilikaa ukumbini, kwenye kiti cha plastiki, mlango wa daktari uko nusu wazi. Daktari alizungumza Kiingereza, taratibu, kama mtu aliyezoea kulisema jambo lile kwa watu wasiotaka kulisikia. Hakuwa mtoto wa jicho. Ilikuwa presha ya macho. Alieleza kwamba presha inakula mshipa wa jicho kuanzia pembeni kuja katikati, haiumi, haina haraka, na kilicholiwa hakirudi. Maryam akauliza kama kulikuwa na kitu cha kufanya. Daktari akasema kulikuwa. Matone. Kichupa cha matone, asubuhi na jioni, mwaka mmoja nyuma, na pengine leo angekuwa anasoma gazeti. Mie nimemsomea mtu yule kurasa zisizo na idadi kuhusu vyuma vinavyohimili mizinga, na dawa yake ilikuwa ya kuenea kiganjani.

Maryam alitoka, akasimama mbele yangu. "Ulijua?"

Nikasema, "Sikujua."

Uongo wa pili, na huu haukuwa kwa ajili ya mtu yeyote isipokuwa mimi. Nyuma yake Baba Jasim alikuwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu, ameelekeza uso ukutani. Alisikia. Alikuwa amenifundisha, zaidi ya mara moja, kwamba ndani ya kifaru dereva haoni kitu, na akitumbukia shimoni anayeulizwa ni kamanda. Nilimsubiri aseme. Sentensi moja tu ingetosha: mimi ndiye niliyemwamuru. Hakusema. Wiki ileile nikapandishwa ndege. Begi langu lilifungwa na Maryam mwenyewe, vitu vimekunjwa vizuri, na chini kabisa nikakuta mshahara wa miezi miwili ambao sikuwa naudai. Nilirudi Doha baada ya miaka mitatu kwa kazi ya hoteli, na mpaka leo ndiyo ninayoifanya, sasa ni msimamizi wa udobi. Hoteli iko Al Sadd, mtaa wa pili kutoka pale nyumba ile ilipokuwa. Pamejengwa jengo la maofisi. Nimepita pale kila siku ya kazi, na sikuwahi kumtafuta mzee. Nilijiambia ni kwa sababu aliniacha peke yangu ukumbini. Ukweli ni kwamba nilimwogopa kwa vile asingeweza kuniona, ningelazimika kumwambia mie ni nani.

Wanawake walipopungua, Maryam aliniinua kwa mkono, akanipitisha ukumbini mpaka chumba cha mwisho, cha marehemu. Ana mvi sasa, na anatembea kwa kuegemea mguu mmoja. Alifungua mlango, akawasha taa. Vitabu vyote vilikuwa pale, sakafu mpaka dari, kuta tatu, kwa mpangilio uleule, kile cha njiwa mahali pake, vya jangwani chini ambako mkono wa mtu aliyekaa unafika. Nilisogea nikavigusa. Nikamuuliza nani alipata akili ya kujenga rafu zote hizi.

"Jasim," akasema. "Zilikuwa kwenye ramani. Ile aliyompa pale kwenye chakula. Zilichorwa kila moja, na pameandikwa 'vitabu vya Baba'. Tulishangaa alivyoirudisha bila kusema ahsante."

Nilikaa kwenye kiti cha marehemu bila kuambiwa nikae. Miezi yote ile ya dele na uongo, tukikimbia chumba cha televisheni ambacho hakikuwapo. Ndipo nikaona nimechoka, na nikasema nililopaswa kusema kwenye ule ukumbi wa hospitali. "Maryam, nilijua. Nilijua miezi minane. Nilikuapia jikoni nikiwa najua."

Alikwenda kuufunga mlango, akarudi, akakaa kwenye kitanda cha baba yake. "Mimi pia nilijua," akasema. "Ramadhani ile, tulipokuwa tunafuturu, alijimiminia maji nje ya glasi, akayafuta kwa mkono wa kanzu ili tusione. Niliona. Ningesema, ningekuwa mimi niliyemtoa nyumbani kwake."

"Sasa kiapo ulinitakia nini?"

"Ili niweze kulala."

Alisema hivyo, mikono mapajani, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Kisha akanieleza lililobaki. Siku mbili baada ya hospitali baba yake alimwita, akamwambia ni yeye aliyeniamuru, kosa ni lake lote, na anirudishe kazini. Tiketi ilikuwa bado haijakatwa. "Sikukurudisha," Maryam akasema. "Ningekurudisha, ningekuwa nakuona kila siku."

Nilikasirika. Sitadanganya tena hapa. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka, kwa ile ndege, kwa miaka mitatu ya kukaa Tanga najibu maswali ya watu, kwa kuamini miaka yote hii kwamba mzee hakunisemea, kumbe alinisemea na maneno yakaishia kwa mtu mmoja. Nilitaka kuondoka. Lakini nilimtazama, mwanamke wa rika langu mwenye macho mekundu, ambaye amempaka baba yake udi na kumshika mkono kwenda chooni kwa miaka ishirini na miwili, kila siku, huku akijua. Mie angalau nilikuwa na nguo za hoteli za kupiga pasi, za kunisahaulisha.

Nikamwambia jambo ambalo sijamwambia hata Akinyi. Kafara ya kiapo, kwa masikini kama mie, ni kufunga siku tatu. Nilizifunga mwaka ule niliorudi Tanga. Sheikh akaniambia tubu, na zile tatu zatosha. Hazikunitosha. Nimezifunga kila mwaka tangu hapo, siku tatu zangu peke yangu, hotelini wananiuliza Mwanaidi unafunga nini mwezi huu, nasema nina deni la Ramadhani.

"Mwaka huu," nikamwambia Maryam, "zifunge wewe."

Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. Nje tulisikia mtu anabisha, wageni wengine wamefika, Maryam anaitwa. Alisimama, akanyoosha shuka pale alipokuwa amekaa, akaniuliza huwa naanza siku gani.

"Jumatatu," nikasema.